Kikomo cha Sanduku la Nello

Barre, Vermont
Februari 3, 2025

Mdogo wangu Ines, kitinda mimba wa mama,

Nimekutumia boksi la makaratasi ya kodi, Jumamosi. Karani wa posta alilinyanyua akaguna, akaniuliza, "Mzee Tarabelli, umetia mawe humu?" Nikamwambia mawe natia mahali pa maana, humo mna uongo wa serikali tu. Foleni nzima ikacheka. Mimi bwana nikiingia posta hata stempu hujibandika zenyewe.

Kila mwaka unanigombeza kwamba makaratasi yangu yanakuja kama matapishi ya paka. Mwaka huu nimeyapanga. Juu kabisa nimeweka karatasi ya lile sanduku langu la matibabu, lile la benki, ambalo ukitia hela za hospitali watu wa kodi hawazigusi. Lione hilo kwanza, halafu kaa kitini upigwe na butwaa. Kaka yako aliyeishia darasa la nane amelijaza mpaka ukingoni! Bandani kwetu tunakochonga mawe kuna tangazo ukutani. Linasema kikomo cha mwaka 2024 kwa mtu mmoja ni dola elfu nne mia moja hamsini, na ukishapita miaka hamsini na tano unaongezewa elfu moja. Nimelisoma mara tatu kwa kidole. Jumla elfu tano mia moja hamsini. Dwight Pelkey, mwenye banda, alitia elfu moja yake, zilizobaki nikatia mimi. Ya mwisho imeingia, ya ziada hakuna. Vijana waliosoma mpaka chuo wanalipita lile tangazo kama pambo, mimi nalijua kama ninavyojua mfuko wangu.

Kazi iko juu. Namchonga mbwa wa mama mmoja tajiri wa Stowe, wa kuwekwa kaburini kwake, yaani kaburini kwa mbwa. Jiwe lenyewe ni itale nyeusi. Aliyekufa ana ndugu yake, naye aliletwa bandani tumwangalie umbo. Ines, yule mbwa aliliendea jiwe, akalinusa kule nyuma nusu saa nzima, halafu akalilalia miguuni. Mama wa Stowe akalia. Dwight akaongeza bei.

Sasa usinianzie habari ya kifua. Najua utaanza. Niliapa mbele ya jeneza la ndugu yetu Reno, nawe ulikuwa umenishika mkono: siku daktari atakayoniambia vumbi limeingia kifuani, siku hiyohiyo naweka patasi chini. Sijasahau. Lakini daktari hajaniambia kitu, maana sijaonana na daktari tangu yule aliyenitoa tumboni mwa mama. Kikohozi nilicho nacho ni cha baridi. Hapa kila mtu anakohoa, hata paka wa jirani.

Usipige simu. Patasi ya upepo imenila masikio, simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo. Andika.

Kaka yako, mchonga mawe hodari kuliko wote kaskazini ya Boston,
Nello


Millinocket, Maine
Februari 10, 2025

Kaka Nello,

Boksi limefika. Umelipanga kweli, hongera, ila soseji ulizonitilia zimevuja mafuta juu ya mpango wako wote. Nimezikaanga na polenta, ule ugali wa mahindi. Nakushukuru na nakulaani.

Haya, nimekaa kitini. Tangazo la bandani halidanganyi, lakini halikuambii yote. Kikomo kile ni cha mtu mwenye bima ya bandani peke yake, ile bima ya kujilipia mwenyewe mpaka uumie ndipo nao walipe. Na awe nayo mwaka mzima. Ukishaingia bima ya wazee ya serikali, hata ile sehemu yake ya bure, tangu mwezi huo kikomo chako ni sifuri. Kinachohesabiwa ni miezi ya kabla tu.

Nakwambia haya kwa sababu chini kabisa, chini ya risiti ya kuni, nimekuta barua ya pensheni ya serikali. Nello! Umeanza kuchukua pensheni? Wewe uliyesema utaichukua siku utakayopigwa na radi? Anayejiandikisha pensheni akiwa ameshapita sitini na tano huingizwa na bima ya wazee palepale, apende asipende. Kwa hiyo nijibu: ulijiandikisha mwezi gani?

La pili. Benki imeandika kwamba Oktoba ulitoa sandukuni dola elfu moja mia moja themanini. Miaka tisa umelilinda hilo sanduku kama kuku anayeatamia. Ulipokatwa kidole ulijifunga kwa gundi ili usitoe hata senti. Oktoba ulitoa za nini?

Usinijibu kwa hadithi. Nina wateja arobaini na watatu hapa mezani, wakata magogo wote hawa, na kila mmoja anadhani risiti ni kitu cha kuwashia jiko.

Dada yako,
Ines


Barre
Februari 17

Ines wangu,

Hadithi? Mimi? Mimi husema yaliyotokea, ila hunitokea makubwa.

Zile hela ni za meno. Sikiliza. Oktoba kulikuwa na karamu ya kanisa, nikapewa ile peremende ya asali ya mti, ya utomvu uliochemshwa, anayopika bibi Lavigne. Nikaing'ata. Haikukubali kuachia. Nikavuta, ikavuta. Wakaja wanaume wawili wakanishika mabega, padri akashika kiuno. Tulipong'oka, meno matatu yalibaki kwenye peremende yakicheka peke yao. Daktari wa meno aliyatia mengine, elfu moja mia moja themanini, na akaniomba ile peremende aiweke dirishani.

Habari ya pensheni, kuna binti mmoja dirishani kwao alinipa kalamu nikaona aibu kumrudishia bila kuandika kitu. Ni Novemba. Kwa hiyo hesabu yako ni rahisi: miezi kumi niko ndani, miwili niko nje, tunakatana dola chache na serikali, basi. Mbona unaandika kama mtu aliyeona nyoka?

Mbwa amebakiza kichwa na mkia. Theluji imefika dirishani.

Nello, mwenye meno mapya


Millinocket
Februari 24

Kaka,

Miezi kumi ingekuwa sawa kama serikali ingekuwa na akili kama yako. Mtu akichelewa kujiandikisha, bima ya wazee inarudishwa nyuma miezi sita. Ulitia sahihi Novemba, wao wanakuhesabu umo tangu Mei. Ulikuwa humo kabla hujajua. Kwa hiyo unayo Januari mpaka Aprili tu, miezi minne. Chukua elfu tano mia moja hamsini, gawa kwa kumi na mbili, zidisha kwa nne: elfu moja mia saba na kumi na sita. Hicho ndicho kikomo chako. Umezidisha elfu tatu mia nne thelathini na tatu. Zisipotolewa kabla ya Aprili kumi na tano watu wa kodi watakutoza asilimia sita yake, na mwaka ujao tena, na mwingine tena, mpaka zitoke.

Hilo ni dogo. Linalipika.

Nilipoona umetaja meno nililirudia boksi, nikamwaga kila kitu mezani. Ndani ya pakiti ya mbegu za nyanya kuna risiti imekunjwa mara nane. Kliniki ya kifua, Burlington, Oktoba 9. Picha ya mapafu. Kipimo cha pumzi. Elfu moja mia moja themanini, senti kwa senti.

Meno yako yamehamia kifuani, Nello?

Sasa ndiyo naelewa pensheni. Mtu haamki tu Novemba akachukua pensheni aliyoikataa mwaka mzima. Kuna aliyemwambia achukue mapema.

Anayetaka kuficha huchoma. Wewe umenitumia. Kwa hiyo niambie mwenyewe, kwa mkono wako: yule daktari alisema nini? Na tangu siku hiyo, patasi iko wapi?

Ines


Barre
Machi 5

Mdogo wangu,

Una pua ya afisa forodha. Wateja wako nawaonea huruma.

Basi nilikwenda. Kule wana mashine ya kupuliza. Unashika bomba mdomoni, wanakwambia puliza, mzee, puliza, puliza, kama wanashangilia farasi. Nilipuliza nikaona pazia linatikisika, nesi akashika kofia yake, sindano ya mashine ikaruka mpaka ukutani.

Haikuruka. Ilikaa palepale. Nesi alidhani sijaanza.

Daktari ni kijana mwenye mikono laini kama mkate usioiva. Akanionyesha picha. Mimi nimechonga majani, maua, mabawa, nywele za watakatifu, nikajua ninachokiangalia kabla hajafungua mdomo. Ni kama theluji imeanguka ndani halafu haikuyeyuka. Ya Reno ilikuwa hivihivi, unaikumbuka. Akasema vumbi. Akasema niache leo, si kesho. Akataka kunipa mashine ya hewa ya kuvaa puani nikilala. Wananiuzia hewa, Ines! Hewa ya Vermont!

Nimeacha. Siku ileile, kama nilivyoapa. Sasa nakaa kwenye kigoda karibu na jiko nawaonyesha vijana makosa yao, ni kazi ya kudumu. Mbwa anamalizwa na mwingine; nilikuandikia namchonga ili usishtuke.

Na hiyo elfu tatu na ushei usiitoe. Usiliguse sanduku. Mle mna elfu thelathini na moja, na jina nililoliandika pale penye mrithi ni lako. Ni kwa ajili ya goti lako lile bovu. Unatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi, una miaka hamsini na tisa, bima ya wazee bado huna, na najua ile uliyo nayo haikufikishi popote. Hela za sanduku hazitozwi kodi. Siku nikiondoka unalichukua zima, unatia goti la chuma, unacheza kwenye harusi za watoto wa watu. Ndiyo maana silitumii. Asilimia sita yao nitawalipa, wacha wale.

Kaka yako wa kigodani,
Nello


Barre
Machi 12, 2025

Bi Ines,

Mimi Dwight Pelkey. Samahani kwa mwandiko, nimezoea kuandika vipimo tu. Uliniandikia ukauliza lini Mzee Nello alianza bima ya hapa, na kama banda bado linamtilia hela sandukuni, na hali yake tangu aache kazi.

Bima yetu anayo tangu mwaka 2016, anayo hadi leo. Hela, ndiyo. Januari alikuja ofisini akataka nimkate dola mia mbili kila wiki ziende sandukuni. Nikamuuliza, mzee, utakula nini? Akasema atakula pensheni na sifa. Mpaka Ijumaa iliyopita ni wiki kumi. Hakuniambia kwamba ana bima ya serikali, ningejua nisingekubali.

La tatu ndilo limenifanya niandike barua badala ya kujaza fomu yako. Sielewi unaposema ameacha kazi. Hajaacha hata siku moja. Anaingia saa kumi na moja alfajiri kabla yetu, ana ufunguo aliopewa na marehemu baba. Tukifika tunakuta bomba la kufyonza vumbi amelisukuma pembeni. Anasema linamziba, haoni uso wa mbwa. Bomba lile ndilo linalotuweka hai humu, yeye anajua kuliko mimi. Nimemwambia kwa upole. Nimefoka. Nikamwandikia onyo la ofisi, akalikunja akalifanya kofia akalivaa mpaka jioni, vijana walicheka wakashindwa kufanya kazi.

Wiki iliyopita nilimkuta ameegemea jiwe, midomo ina rangi ya wino. Nikasema, mzee, midomo. Akaniambia amekula beri, yale matunda ya msituni. Bi Ines, theluji iko kiunoni. Beri za wapi?

Nitauchukua ufunguo. Lakini nakwambia kweli naogopa kufanya hivyo. Mtu kama yule ukimwondolea patasi sijui kitakachobaki kimeshikilia nini.

Wako,
Dwight Pelkey


Millinocket
Machi 16

Nello,

Sikuiti kaka leo.

Dwight ameniandikia. Hakuna kigoda. Hakuna vijana unaowafundisha. Kuna wewe, peke yako, alfajiri, na bomba limesukumwa pembeni, na beri.

Sasa nisikilize kama unavyolisikiliza jiwe, maana hii ndiyo kazi yangu na katika kazi yangu mimi ndiye hodari.

Kikomo chako cha mwaka 2025 ni sifuri. Siyo kidogo. Siyo nusu. Uko kwenye bima ya wazee mwaka mzima, huruhusiwi kutia hata dola moja. Zile mia mbili mia mbili za kila wiki, elfu mbili nzima, zote ni za ziada. Umekwenda kumeza vumbi alfajiri hamsini ili upate hela ambazo sanduku halizikubali. Zinatozwa faini humo humo zilimo.

Na mimi si mke wako. Sanduku lingekwenda kwa mke lingebaki sanduku. Likija kwa dada, siku ile ile linakufa na mwenyewe. Elfu thelathini na moja zote zinamwagika kwenye hesabu yangu ya mwaka huo kama mshahara, na zinakatwa kodi. Hilo tangazo la bandani halikuandika, na wewe hukuniuliza, ingawa una dada anayefanya kodi za watu kwa miaka ishirini na sita. Ungeniuliza ningekujibu kwa mstari mmoja.

Zilizomo kwa halali ni zako. Ni za kifua chako! Zinalipia daktari, dawa, mashine ya hewa, dereva wa kukupeleka Burlington, bila kukatwa senti. Lifungue hilo sanduku ulitumie. Goti langu limeniudhi miaka minane na tumezoeana.

Nimeambatisha fomu ya benki ya kutoa zilizozidi, za mwaka jana na za mwaka huu. Tia alama, tia sahihi, rudisha. Mwambie Dwight aache kukata. Halafu weka patasi chini. Hukuniapia mimi tu, ulimwapia Reno.

Ningekuja leo. Siwezi kuwaacha watu hawa kabla ya Aprili kumi na tano, wengine wanasubiri marejesho wanunue mafuta ya kupashia nyumba. Tarehe kumi na sita asubuhi nawasha gari.

Ines


Barre
Machi 27

Ines,

Barua hii nimeiandika siku tatu. Kalamu siku hizi nzito, sijui wanatia nini kwenye wino.

Sifuri. Nimekaa na neno lako hilo. Nimelizungusha, nimeligonga huku na huku nikitafuta ufa, jiwe lolote lina ufa. Halina. Wiki hizi zote naamka, navaa viatu kwa vituo, kiatu kimoja, napumzika, cha pili, napumzika, najiambia Ines atacheza. Kumbe natia maji kwenye ndoo isiyo na kitako.

Usinihurumie. Najicheka mwenyewe. Nilisoma lile tangazo mara tatu kwa kidole!

Dwight kachukua ufunguo. Alikuja nyumbani na mkewe na supu, kama wanakwenda kumwona mjane. Nikampa. Keshoye niliingia bandani kupitia mlango wa magari ya mawe, umbali wa hatua mia mbili. Zamani niliubeba msalaba wa itale wa kaburi la jaji mmoja begani peke yangu kwenye njia ileile nikiimba. Juzi nilipumzika mara kumi na moja. Nilihesabu. Lakini mbwa hana sikio la kushoto, Ines. Siwezi kumwacha mbwa wa watu na sikio moja. Sikio tu.

Nalala nimekaa kwenye kiti siku hizi, kama mfalme. Nikilala chali kuna mtu anakuja kunikalia.

Fomu hii hapa. Nimetia alama na sahihi. Dwight ameacha kukata.

Nello


Millinocket
Aprili 3

Kaka Nello,

Fomu imefika na nimeirudia kuisoma mara nne.

Pale kwenye sababu ya kutoa hela pana visanduku vinne vidogo. Cha kwanza matibabu ya kawaida. Cha pili kuondoa michango iliyozidi. Cha tatu ulemavu. Cha nne kifo cha mwenye akaunti. Wewe umetia alama cha nne. Umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Sahihi iko safi, ile yako ya maringo yenye mkia. Tarehe hukuandika.

Hicho cha nne hujazwa na mrithi, hakijazwi na mwenyewe. Benki hawawezi kuipokea. Ulikosea mstari? Miwani yako ni ya lini? Au ni utani? Kama ni utani, nimekaa jikoni na aproni ya kupikia nikashindwa kucheka, na mteja wangu bwana Hersey akaniuliza kama nimepata msiba.

Nakutumia fomu nyingine. Kisanduku cha pili nimekizungushia duara jekundu. Usiwe na wasiwasi na siku: nitapeleka ritani yako ya kodi kabla ya kumi na tano, na ukishapeleka kwa wakati sheria inakupa mpaka Oktoba kumi na tano kuzitoa zilizozidi. Tuna miezi sita mbele. Tutakaa mezani kwako tufanye taratibu.

Nimempigia daktari wa Burlington. Mashine ya hewa italetwa Jumatatu, inalipwa na sanduku. Ukiikataa mlangoni nitajua.

Sikio nalo limwachie Dwight. Tafadhali.

Ines


Barre
Aprili 9

Mdogo wangu Ines,

Mashine imeletwa na vijana wawili. Nikawaambia waisubirishe barazani niivutie sigara kwanza. Wakageuka weupe, maana hewa ile ikikutana na moto ni balaa. Sijavuta sigara tangu mwaka 1981, lakini mtu lazima ajipatie kitu kwa hela yake. Inanguruma, hata mimi kiziwi naisikia, miguuni. Mrija wake unafika jikoni, haufiki mlangoni. Wameupima vizuri.

Patasi nimeiweka chini Jumatatu. Nisijisifu kwamba ni kwa kiapo, au kwa barua yako. Nilinyanyua mkono kwenda kwenye sikio, mkono ukaenda, kifua kikabaki. Nikajikuta nimekaa sakafuni namwangalia mbwa kutoka chini, kama anavyotuangalia yeye. Ni mzuri, Ines. Nimemaliza wengi lakini yule angebweka. Dwight atamtoa hivyohivyo na sikio ambalo halijachongwa, mama wa Stowe ameshakubali, anasema hata la wake lilikuwa limekunjika.

Sasa fomu. Fomu yako ya duara jekundu hii hapa, nimetia alama ndani ya duara, na sahihi, na tarehe. Sahihi imekwenda upande, usinicheke. Ipeleke benki leo ukiipata. Usiniwekee hiyo Oktoba. Hiyo ni ya watu wengine, wape wao.

Umeuliza kama nilikosea mstari. Sikukosea. Nilivisoma vyote vinne kwa kidole, polepole, na miwani. Nikaona cha pili ni cha wiki hii na cha nne ni cha baadaye kidogo, na wewe ni mtu wa kuandikaandika peke yako jikoni, nikasema nimpunguzie stempu moja.

Hao wateja wako, wamebaki wangapi? Sikuharakishi. Umesema kumi na sita, na iwe kumi na sita. Lakini kama ni wachache, na kama bwana Hersey ana kuni za kutosha, barabara kutoka kwako imeshasafishwa theluji, Dwight ameniulizia.

Nikikuona nitakueleza jinsi nilivyopanda ngazi za posta leo kutuma hii. Nimemtuma jirani. Lakini nitakueleza vingine.

Ile fomu ya kwanza usiichane. Pale sahihi yangu bado nzuri, mkono ulikuwa na nguvu. Iweke kwenye droo. Tarehe utajaza wewe.

Kaka yako,
Nello